UZI: Andrea Gibson, malenga aliyepanda jukwaani na hofu yake

Wakuu, salaam zenu.

Uzi huu nimeuahirisha tangu Julai 2025. Kila nikianza naishia aya ya pili, nafunga simu. Leo nauandika mpaka mwisho. Ni mrefu, mwenye haraka auweke kiporo, atausoma akitulia.

Namzungumzia Andrea Gibson, mshairi wa jukwaani wa Marekani, bingwa wa slamu. Alikuwa kuchu, yaani mtu wa mapenzi ya jinsia moja au asiyefuata jinsia aliyopewa na jamii. Natumia neno ambalo wenyewe wamejichagulia, maana majina mengi tuliyozoea kuwaita watu hawa yamebeba matusi tumboni. Alizaliwa tarehe 13 Agosti 1975 katika mji mdogo wa Calais, jimbo la Maine, akafariki tarehe 14 Julai 2025 nyumbani kwake Colorado. Zilikuwa zimebaki siku 30 atimize miaka 50.

Nianze na jambo la lugha, kwa sababu ndilo lililonivuta kwake. Gibson hakujiita mwanamke wala mwanamume. Kwa Kiingereza msimamo huo ni kazi ngumu, kwani lugha ile ina neno la kumtaja mwanamume na jingine la kumtaja mwanamke, na huwezi kumsimulia mtu sentensi mbili bila kuchagua upande. Yeye akachukua neno la wingi, lile la "wao", na watu wakabishana naye miaka yote kana kwamba amevunja sheria ya nchi. Sasa tazameni kwetu: alizaliwa, akaandika, akapenda, akaugua. Ile "a" haimuulizi mtu ana nini ndani ya nguo zake. Nitaandika uzi huu wote kwa Kiswahili cha kawaida kabisa na hamtaona mahali nimekwama. Kitu alichokipigania maisha yake yote, sisi tumekirithi kwa bibi zetu bila kukifikiria.

Nililigundua hilo nilipokuwa najaribu kufasiri shairi lake moja, usiku, sikio moja na spika ya masikioni, jingine nasikilizia mtoto asiamke. Ni shairi la bembea. Msimuliaji anafundisha watoto wadogo. Mtoto mmoja anamtazama kutoka chini na kumuuliza: wewe ni mvulana au msichana? Anamjibu kwa mshangao kwamba, ewe, miaka mitatu uko darasani humu na bado hujui? Mtoto hajui. Haya, na kwa hapa tulipofika, unadhani ina maana yoyote? Mtoto anafikiri kidogo, anasema hapana. Halafu anaomba asukumwe kwenye bembea.

Kisha shairi linatoka uani kwa watoto na kuingia kwa watu wazima, ambao hawaulizi, wanakodoa tu.

Nilifasiri ukurasa mzima kabla sijagundua kwamba zaidi ya lile swali la mtoto, hakuna mahali pengine Kiswahili kilinilazimisha kusema huyu anayesimulia ni nani. Nikakaa kitako pale kitandani. Nikarudia kusoma.

*

Naendelea.

Calais ni mji wa mpakani, uko kando ya Mto St. Croix, na ng'ambo ya mto ni Kanada. Baba yake alifanya kazi posta. Nyumba ilikuwa ya Kibaptisti. Baadaye akasoma Saint Joseph's, chuo cha Kikatoliki huko huko Maine. Hayo ndiyo malezi yake, na ukisikiliza mashairi yake utalisikia kanisa ndani yake: namna anavyorudia kianzio cha mstari kama mhubiri, namna anavyopandisha sauti taratibu mpaka watu waitikie. Kitabu chake cha mwaka 2008 kina nyimbo za injili kwenye jina lenyewe.

Mwaka 1999 akahamia Boulder, Colorado. Hapa niruhusuni nizunguke kidogo, kwa sababu historia ya Boulder inanigusa.

Mwaka ule ule aliozaliwa Gibson, 1975, karani wa wilaya ya Boulder aitwaye Clela Rorex aliletewa ombi la cheti cha ndoa na wanaume wawili. Akatafuta katika sheria, hakuona mahali panapokataza, akawapa. Alitoa vyeti sita hivi kabla ya mwanasheria mkuu wa jimbo kumzuia. Na Mei ya mwaka huo huo, mji huo huo, alizaliwa mtoto aitwaye Jared Polis. Mkumbukeni, nitamrudia.

Msidhani basi kwamba Colorado ilikuwa peponi. Mwaka 1992 wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha marekebisho ya katiba yaliyozuia sheria yoyote ya kuwalinda mashoga na wasagaji dhidi ya ubaguzi. Mahakama Kuu ya Marekani ikayatupa mwaka 1996. Mwaka 2006 wakapiga kura tena, wakaandika kwenye katiba kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Gibson alikuwa anaishi hapo hapo, ana miaka 31, anapanda jukwaani na shairi la kiapo cha ndoa kwa mpenzi wake, mwanamke, wakati majirani zake wamekwisha kupiga kura kwamba kiapo hicho hakipo. Ndoa za namna hiyo ziliruhusiwa Colorado Oktoba 2014, na Marekani nzima tarehe 26 Juni 2015. Leo ukilisikiliza shairi lile, usisahau kwamba lilighaniwa kabla ya tarehe hizo. Alikuwa anaapa bila msajili.

*

Kuna mdau ameuliza hapo chini: "Mkuu, hii slamu ndiyo nini? Inatofautianaje na ngonjera zetu za shuleni?"

Swali zuri. Slamu ni mashindano ya kughani. Ilianzia Chicago kwa Marc Smith, mtu wa kazi za ujenzi aliyechoshwa na mikutano ya mashairi ambapo msomaji ananong'onea karatasi na watu wanasinzia. Mwaka 1986 akaanzisha usiku wa slamu katika baa ya Green Mill, na ukawa wa kila Jumapili. Sheria zake nyepesi. Shairi liwe lako mwenyewe. Huruhusiwi muziki, vazi la maigizo wala kifaa cha kushika mkononi. Una dakika tatu, ukizidisha zaidi ya sekunde 10 unakatwa alama. Majaji ni watano, wanaokotwa tu kutoka kwa wasikilizaji, hata kama hawajawahi kusoma shairi. Kila mmoja anatoa alama 0 hadi 10, ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, tatu zilizobaki zinajumlishwa. Kwa hiyo ukomo ni 30.

Ngonjera ina vina, ina mizani, ina majibizano. Shairi la slamu linaweza lisiwe na kina hata kimoja. Mizani yake ni pumzi ya mghani. Ndiyo maana nawasihi, Gibson asikilizwe kabla ya kusomwa. Kwenye karatasi utaona mistari mirefu mirefu ukadhani ni insha imekatwakatwa. Ukimsikia, utajua kila mahali alipokata ni mahali alipovuta hewa.

Katika mchezo huo alitisha. Alikuwa bingwa wa slamu wa Denver mara nne. Mwaka 2008 yalipoanzishwa mashindano ya slamu ya wanawake wa dunia, yaliyofanyika Detroit, bingwa wa kwanza alikuwa yeye.

Na huyu huyu bingwa alikuwa mwoga wa jukwaa! Hakuwahi kulificha hilo. Aliishi na wasiwasi mkubwa, wa kushikwa ghafla, moyo ukakimbia, hewa ikakataa kuingia, na ana shairi zima la kuusifu mshtuko wa namna hiyo unaompata mtu mbele za watu. Aliugua pia ugonjwa wa Lyme, ule unaoletwa na kupe, ambao ulimtesa kwa miaka. Sauti yake jukwaani inatetemeka kikweli. Mara ya kwanza nilidhani ni mbinu. Nilipomsikiliza kwa muda nikajua ni mwili wake unaogopa, na yeye anaendelea kughani huku unaogopa, hauambii utulie kwanza.

Sisi tumelelewa tukiambiwa malenga ni mtu wa majigambo. Hupanda akasema mimi ndimi, nani kama mimi. Huyu anapanda na kusema naogopa, nani mwingine anaogopa? Na ukumbi unaitika.

*

Mdau mwingine ameandika, na namnukuu kama alivyo: "Ndugu, una kipaji cha kuandika, lakini kwa nini umkuze mtu wa maisha hayo? Dini zetu zinakataza, na watoto wanasoma humu."

Ndugu yangu, nimekusoma na sikukasirika. Nakujibu kwa shairi moja.

Lipo shairi lake linaloanza kwa mashauri. Mtaalamu wa lishe amemwambia ale mboga za mizizi, ili na yeye azame ardhini, kichwa kiache kupaa kwenda gizani. Mpiga ramli naye ana lake kuhusu moyo wake. Kila mtu ana dawa. Halafu linakuja jeraha lenyewe, lile alilotendewa mwilini, linamwambia: usiandike mashairi haya, nani anataka kusikia ukilia? Na mifupa yake inamjibu kwa kumtaja Tyler Clementi.

Huyo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana wa miaka 18, mpiga fidla. Septemba 2010 mwenzake wa chumbani alimpeleleza kwa kamera ya kompyuta akiwa na mwanamume, akawatangazia wengine. Siku chache baadaye kijana akajiua. Mifupa inasema: yule alikufa akiamini yuko peke yake kabisa duniani. Kwa hiyo andika.

Kazi yote ya Gibson imesimama hapo. Alikuwa anamwandikia mtu ambaye usiku huu hana uhakika wa kuiona asubuhi. Hujaombwa ubadili dini yako, ndugu. Lakini watoto hao unaowataja, wamo humu wanaosoma kimya kimya na kujiuliza kama kuna mwingine yeyote duniani aliye kama wao. Namwandikia huyo. Na kama yuko anayesoma sasa hivi akiwa katika hali hiyo, namwomba amwambie mtu mmoja anayemwamini leo hii, asingoje kesho.

*

Nimerudi, umeme ulikatika.

Kuhusu kazi zake, maana mmeomba. Alitoa albamu saba za kughani, za mwanzo mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyingine zikiwa na piano au gitaa nyuma ya sauti. Vitabu vya mashairi vipo kadhaa. Mimi ningemwambia anayeanza achukue Lord of the Butterflies cha mwaka 2018, ambamo lipo shairi la Orlando. Mnakumbuka Juni 2016, Pulse, klabu ya makuchu mjini Orlando, Florida, watu 49 waliuawa kwa risasi mahali walipokwenda kucheza muziki. Katika shairi lile haelezi siasa ya bunduki. Anakwenda kwenye simu za marehemu zinazolia mifukoni, na jamaa wanapiga, wanapiga. Sijawahi kulimaliza bila kusimama katikati.

Cha mwisho, You Better Be Lightning, kilitoka Novemba 2021. Mwaka huo huo aliambiwa ana saratani ya ovari.

Hapa ndipo hadithi inapogeuka kwa namna ambayo hata mimi, miaka yote niliyomfuatilia, sikuitegemea. Mtu aliyeishi na hofu ya kufa tangu utotoni, aliyejipima kila homa na kudhani ndiyo ile, siku kifo kilipobisha hodi kweli, hofu ikapungua. Aliandika hivyo mwenyewe mara nyingi katika barua alizokuwa akiwatumia wasomaji wake kwa barua pepe. Alisema furaha ilimjia kwa wingi asioujua. Saratani ikarudi, na mwaka 2023 ikajulikana kwamba haitapona.

Septemba ya mwaka huo huo akateuliwa kuwa malenga wa jimbo la Colorado. Aliyemteua ni gavana Jared Polis, yule mtoto wa Boulder wa 1975, ambaye mwaka 2018 alikuwa shoga wa kwanza anayejulikana wazi kuchaguliwa gavana Marekani. Jimbo lililopiga kura dhidi yao mara mbili, sasa gavana kuchu anampa mshairi kuchu cheti cha umalenga. Clela Rorex hakuiona siku hiyo, alifariki Juni 2022.

Kuna shairi la kipindi hiki ambalo picha yake hainitoki. Mgonjwa anapowekewa dripu ya baadhi ya dawa za saratani, huvalishwa glavu za barafu. Baridi inabana mishipa ya damu, dawa haifiki kwa wingi kwenye vidole, na kucha hazidondoki. Gibson ameketi chumbani na wagonjwa wengine, mikono ndani ya barafu. Mstari unamjia. Mikono ile haiwezi kushika kalamu. Anazivua, anaandika. Amekubali kupoteza kucha ili mstari usipotee. Hayo yote yamo kwenye jina la shairi, jina refu kama sentensi mbili, kabla hata shairi lenyewe halijaanza.

*

Swali: "Mkewe naye ni mshairi? Na kuna filamu?"

Ndiyo, Megan Falley, mshairi mwenzake. Mwaka 2019 walitoa pamoja kitabu kidogo kuhusu nguvu ya ushairi. Filamu ni ya hali halisi, inaitwa Come See Me in the Good Light, mwongozaji ni Ryan White, na mchekeshaji Tig Notaro ni mmoja wa watayarishaji. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance Januari 2025, Gibson akiwa hai na akiwa ukumbini, ikapewa tuzo ya kipenzi cha tamasha. Mtashangaa wanavyocheka humo. Wanasubiri majibu ya damu, kila wiki chache namba ileile ya kupima saratani, na katikati ya kusubiri wanataniana kitandani, mbwa wamewalalia miguuni.

Ile habari ya mbwa nitaimalizia hapa. Tangazo la msiba lilieleza waliokuwa nyumbani alfajiri ile: mkewe, mama na baba yake, marafiki makumi, mbwa wao watatu, na wapenzi wake wa zamani wanne. Wanne! Wale aliokwisha kuachana nao. Wazazi wa kutoka Calais wako nyumba moja na wanawake mtoto wao aliowahi kuwapenda. Kati ya maneno yake ya mwisho, mkewe alisimulia, ni kwamba aliyapenda mno maisha yake.

*

La mwisho, halafu nalala.

Mmoja ameniandikia kwa ujumbe wa faragha akiniomba tafsiri zangu. Nitaiweka ile ya bembea wiki ijayo nikishaisafisha. Nyingine siiweki bado, na nitasema kwa nini, huenda humu kuna anayeweza kunisaidia.

Ni barua ya mapenzi kwa mkewe, imeandikwa kana kwamba msemaji amekwisha kuvuka upande wa pili. Kiini chake ni kwamba kufa ni kinyume cha kuondoka. Anamwambia mkewe kwamba sasa yuko karibu naye kuliko alipokuwa na mwili.

Kiswahili kilichonipa ile "a" bure, hapa kimenibana. Neno letu la heshima ni kufariki. Na kufariki, wakuu, ni kutengana. Ndugu yake ni farakano. Tunasema amefariki dunia, yaani ameachana nayo, ametuacha. Tunasema ametutoka, ametangulia, ameaga. Heshima yetu yote kwa marehemu ni maneno ya safari. Hata mimi juu kule nimeandika "akafariki" kwa mazoea, mtaniwia radhi, nikamsemea kitu alichokikana.

Nimejaribu kuhitimu, kulala, kupumzika. Kila moja linaleta jambo ambalo hakusema. Lililobaki ni lile fupi tunaloogopa kulitamka msibani, tunalowaachia kuku na miti. Halina safari ndani yake, halimpeleki mtu popote. Kwa sasa kwenye daftari langu nimeandika "nilipokufa", nimelipigia mstari kwa penseli, na pembeni nimeweka alama ya kuuliza.